Familia ya Wamisionari Ikizunguka Makanisani Kabla ya Safari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa ndugu wanaoabudu kwa Kiswahili ndani ya makanisa ya Kibaptisti hapa Marekani. Ni wa walioko nyumbani pia, Afrika Mashariki na Kongo, ambao huwaona Wamarekani wakishuka uwanja wa ndege na mabegi na watoto bila kujua walikopitia mpaka kufika. Mimi nimo kwenye kamati ya umisheni ya kanisa letu, na haya ndiyo ninayoulizwa kila familia mpya inapotutembelea. Mengine huulizwa waziwazi baada ya ibada. Mengine huulizwa pembeni, jikoni, watu wakiosha vyombo, na hayo ndiyo yenye uzito zaidi.

Ziara yenyewe ni nini?

Ni kipindi ambacho familia iliyoitikia wito wa kuhubiri Injili nchi nyingine huzunguka kanisa hadi kanisa kabla ya kuondoka. Hujitambulisha, hueleza kazi inayokwenda kuifanya, huomba maombi, na huomba kuahidiwa mchango wa kila mwezi. Kanisa likiridhika, linaahidi kiasi fulani na kuendelea kukitoa kwa miaka yote ambayo familia itakuwa huko. Familia inashika njia kwenda kanisa linalofuata, na hivyo hivyo mpaka ahadi zitoshe.

Wengi huona hapo uchangishaji tu. Fedha zimo, na hakuna haja ya kuzifunika. Lakini kwa maoni yangu kazi kubwa ya ziara ni kuyafanya makanisa yamjue mtu yanayemtuma. Kanisa lililomwandalia mtoto wa mmisionari kifungua kinywa, likamsikia akilalamika kwamba mayai yana chumvi, litamwombea kwa jina siku likisikia ana malaria kali.

Kwa nini dhehebu lisiwalipe mshahara, wakaenda zao?

Huuliza hivi zaidi waliokulia kwenye Ulutheri, Uanglikana au Ukatoliki, ambako kuna dayosisi na askofu. Kwa Wabaptisti kila kanisa la mahali linajitawala. Linamwita mchungaji wake, linapanga bajeti yake, linaamua lenyewe nani wa kumtuma. Hakuna ofisi ya juu yenye mamlaka ya kuliambia litoe kiasi gani.

Hata hivyo Wabaptisti wa Marekani wamelitatua jambo hili kwa njia mbili. Southern Baptist Convention, yaani umoja wa makanisa ya Wabaptisti wa kusini, iliundwa mwaka 1845 mjini Augusta, Georgia, na bodi yake ya umisheni wa nchi za nje ikaanza mwaka huohuo. Msomaji wa Kiafrika anapaswa kujua chanzo chake: Wabaptisti wa kusini na wa kaskazini waligawanyika kuhusu utumwa, na hasa kuhusu kama mtu mwenye watumwa anaweza kuteuliwa kuwa mmisionari. Mwaka 1995 umoja huo ulipitisha azimio la kuomba radhi kwa Wamarekani weusi. Tangu mwaka 1925 makanisa yake hutuma sehemu ya sadaka kwenye mfuko mmoja wa ushirikiano. Mfuko huo, pamoja na sadaka ya kila Krismasi iliyopewa jina la Lottie Moon, mmisionari wao wa zamani huko China, ndio unaowatunza wamisionari wao. Kwa hiyo wao hawazunguki kutafuta ahadi kanisa kwa kanisa. Ndio walioanza kazi Kenya na Tanganyika mwaka 1956, na wengi wenu mmebatizwa katika makanisa yaliyotokana na kazi hiyo.

Njia ya pili ni ya makanisa ya Kibaptisti yanayojitegemea, yasiyotaka mfuko wa pamoja wala bodi ya kuwachagulia wamisionari. Haya hushirikiana na mashirika ya huduma kama Baptist Mid-Missions, lililoanza mwaka 1920, Baptist Bible Fellowship, lililoundwa mwaka 1950 na lenye makao Springfield, Missouri, au Baptist International Missions la Chattanooga, Tennessee, la mwaka 1960. Huku ndiko ziara inakotawala.

Nimeziona njia zote mbili kwa karibu, na siwezi kuidharau hata moja. Ile ya kwanza humfikisha mtu kazini mapema akiwa na nguvu zake. Ya pili hutumia muda mrefu, lakini muumini wa kawaida anayetoa dola zake anajua zinakwenda kwa nani, na anaweza kumwandikia.

Utaratibu huu ulianza lini?

Mzizi wake ni wa zaidi ya miaka 200. Tarehe 2 Oktoba 1792, wachungaji wachache wa Kibaptisti walikutana katika nyumba ya mjane mmoja mjini Kettering, Uingereza, wakaunda chama cha umisheni. Ahadi zao zote pamoja zilikuwa paundi 13, shilingi 2 na peni 6. Mwaka uliofuata William Carey, fundi viatu aliyekuwa mchungaji, akaenda India. Andrew Fuller, mchungaji wa Kettering, alibaki kama katibu. Fuller ndiye aliyesimulia kwamba India ilionekana kama mgodi mrefu ambao haujachimbwa, na Carey akasema yuko tayari kushuka ndani, mradi wanaobaki juu waishike kamba. Fuller aliishika kamba mpaka alipokufa mwaka 1815. Alizunguka makanisa ya Uingereza, akaenda Scotland mara tano kutafuta fedha za kazi, huku akiendelea kuchunga kanisa lake.

Kwa Marekani, mtu wa kukumbukwa ni Luther Rice. Mwaka 1812 yeye pamoja na Adoniram na Ann Judson walitumwa Asia na bodi ya Wakongrigesheni, dhehebu linalobatiza watoto wachanga. Wakiwa safarini, akina Judson walianza kuyachunguza upya Maandiko kuhusu ubatizo, na walipofika Calcutta wakabatizwa kwa kuzamishwa. Rice naye akafuata. Wote watatu wakajikuta mbali na nyumbani, wamewaacha waliowatuma, na Wabaptisti wa Marekani hawana habari kwamba sasa wana wamisionari. Ikabidi mmoja arudi. Akina Judson wakaenda Burma, Rice akarudi mwaka 1813 na kuanza kuzunguka makanisa. Mwezi Mei 1814 wajumbe 33 walikutana Philadelphia na kuunda chombo cha kwanza cha umisheni cha Wabaptisti wa Marekani nzima. Rice alidhani atarudi Asia. Hakurudi. Alizunguka kwa farasi na kigari miaka yote iliyobaki, akafa mwaka 1836.

Basi aliyetangulia kuzunguka makanisa ya Kibaptisti Marekani kwa ajili ya umisheni wa ng'ambo alizunguka kwa niaba ya wengine. Nalisema hili kila ninapomsikia mtu akiiona ziara kama kazi ya daraja la pili, kana kwamba umisheni unaanza ndege ikishatua.

Kuna msingi wowote wa Biblia?

Upo. Kanisa la Antiokia lilifunga na kuomba, likawawekea mikono Barnaba na Sauli, likawaacha waende (Matendo 13). Waliporudi walilikusanya kanisa na kulieleza yote Mungu aliyoyafanya (Matendo 14:27). Paulo anawaandikia Warumi, watu ambao wengi wao hajawahi kuwaona, kwamba anatumaini kupitia kwao na kusafirishwa nao kwenda Hispania (Warumi 15:24). Wafilipi walimtumia msaada zaidi ya mara moja. Tena waraka wa tatu wa Yohana unamsifu Gayo kwa kuwapokea ndugu wasafiri na kuwasafirisha inavyostahili.

Ni kweli Paulo alishona mahema pia. Wapo wamisionari wanaofanya hivyo hata leo, hasa katika nchi zisizotoa kibali kwa wahubiri.

Anayewatuma ni nani, kanisa au shirika?

Kanisa. Mwanamume huyo amewekewa mikono na kanisa la mahali linalomfahamu tangu zamani, na hilo ndilo linalobeba dhamana ya mafundisho na mwenendo wake. Shirika hupokea michango, hutoa risiti, husaidia mambo ya bima, kodi na vibali, na huwapa mafunzo. Mkiwa na shaka yoyote juu ya familia, msianze na shirika. Mpigieni simu mchungaji wa kanisa linalowatuma.

Ziara inachukua muda gani?

Miaka miwili au mitatu ni jambo la kawaida, na wapo wanaochukua zaidi.

Hesabu yenyewe inaonyesha sababu. Makanisa mengi huahidi dola 50 au 100 kwa mwezi. Tuseme familia inahitaji dola 6,000 kwa mwezi, na kila kanisa limeahidi 100. Hayo ni makanisa 60. Lakini si kila kanisa linaloikaribisha litaahidi. Mengine hutoa sadaka ya siku hiyo tu na kuwabariki. Kwa hiyo huenda wakatembelea makanisa mara mbili au tatu ya hayo, moja Ohio, linalofuata Georgia, jingine Texas. Nafasi zenyewe ni Jumapili asubuhi, Jumapili jioni na Jumatano usiku, pamoja na majuma ya makongamano ya umisheni. Kabla ya hapo baba amekaa na simu siku nzima akiwatafuta wachungaji. Wengi hawapokei. Wanaopokea husema, "Nitakupigia."

Ninawasihi wachungaji wetu katika hili. Mmisionari akikupigia nawe huna nafasi mwaka huu, mwambie leo hii. Kuambiwa hapana ni afadhali kuliko kungoja simu miezi mitano.

Dola 6,000 kwa mwezi ni nyingi mno. Mchungaji wetu kijijini hapati hata robo ya hizo. Mbona wao?

Hili ndilo swali la jikoni, na anayeuliza ana haki ya kujibiwa vizuri.

Kwanza, fedha hizo si za chakula na mavazi peke yake. Kuna bima ya afya ya watu watano au sita, na bima hiyo iwe na uwezo wa kumtoa mgonjwa mahututi mahali pasipo na hospitali ya rufaa. Kuna akiba ya uzeeni, kwa kuwa mwajiri hakuna. Kuna kodi ya Marekani. Kuna karo au vitabu vya watoto, vibali vya ukaazi, nauli za ndege za familia nzima, gari la kuhimili barabara ya vumbi wakati wa masika, na gharama za huduma yenyewe: Biblia, viti, mabati, mafuta ya kuendea makanisa ya pembezoni. Thamani ya dola nayo hupanda na kushuka, na kodi ya nyumba haisubiri.

Pili, na hapa nasema kama Mtanzania, uchungu ulio ndani ya swali hili ni wa kweli. Pengo kati ya kipato cha mmisionari na cha mchungaji mwenyeji limewahi kuharibu ushirika mahali pengi. Mmoja akija kwa gari na mwingine kwa miguu, kuzungumza kama ndugu walio sawa kunahitaji unyenyekevu mwingi, hasa kwa mwenye gari. Kwa hiyo ni sahihi kabisa kuiuliza familia ingali hapa: mtaishi mtaa gani? Mtawalipaje watu mnaofanya nao kazi? Mmezungumza na wachungaji wenyeji kuhusu fedha? Familia iliyokwisha kulifikiria jambo hili itafurahi kuulizwa.

Siku ya ziara huwaje?

Familia hufika mapema, mara nyingi na gari la abiria saba lililosheheni. Kwenye ukumbi wa kuingilia hupanga meza: kitambaa kutoka nchi wanayoiendea, ramani, vinyago au kikapu, bakuli la peremende kwa watoto, daftari la kuandikisha anwani za barua pepe, na rundo la kadi za maombi zenye picha ya familia, jina la nchi na mstari wa Biblia. Kadi hizo hubandikwa kwenye friji. Nimeingia nyumba za wazee ambako mlango wote wa friji umefunikwa na nyuso za watu walioko Ufilipino, Zambia na Peru, na bibi mwenye nyumba anaomba kwa kuzifuata kadi zile kutoka juu kwenda chini kila asubuhi.

Saa ya shule ya Jumapili huonyesha picha au video ya nchi na kujibu maswali. Ibadani baba hueleza wito wake, kisha huhubiri ikiwa mchungaji amempa mimbari. Halafu hukusanywa sadaka ya upendo, mara nyingi kunakuwa na chakula cha pamoja, na jioni wako barabarani tena.

Jambo moja kwa wenyeji: mwambieni mapema amepewa dakika ngapi. Aliyeandaa mahubiri ya dakika 40 akaambiwa pale madhabahuni ana dakika 8 hawezi kuueleza mzigo wake vizuri.

Wanalala wapi?

Kwa waumini, hotelini kwa gharama ya kanisa, au katika chumba cha wageni kilichojengwa kanisani. Wabaptisti wengi hukiita chumba hicho chumba cha nabii, kwa kumkumbuka yule mama Mshunemu aliyemwandalia Elisha kitanda, meza, kiti na taa (2 Wafalme 4).

Familia zetu za Kiafrika hutamani sana kuwapokea, na ukarimu wetu unajulikana. Naomba tu tukumbuke kwamba mgeni huyu alilala kitanda kingine jana na atalala kingine kesho. Mpeni chakula, mwonyesheni mashine ya kufulia, kisha mwacheni alale. Mazungumzo ya mpaka saa sita usiku ni matamu kwetu, lakini ana safari alfajiri. Watoto wadogo msiwatenge na wazazi wao katika nyumba ngeni.

Na watoto je? Shule?

Wengi husomeshwa na wazazi wao, vitabu vikiwa ndani ya gari, hesabu zikifanywa barabarani kati ya Tennessee na Alabama. Sheria za kusomea nyumbani hutofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo wazazi hufuata zile za jimbo lao la kudumu.

Katika ziara yote, kundi ninalolijali kuliko mengine ni hili la watoto. Wao hawakuitwa siku moja kama baba yao. Wamebebwa na wito wa wazazi, na wengi huupenda, lakini uchovu wao ni tofauti. Kila juma ni darasa jipya la shule ya Jumapili lenye watoto waliokwisha kuzoeana. Kila juma mtu mzima asiyemjua anamwinamia na kumuuliza, "Unafurahi kwenda Afrika?" Atajibu nini? Bibi yake anabaki Marekani, mbwa amegawiwa kwa jirani, naye anatakiwa kutabasamu kwa sababu picha yake iko kwenye kadi.

Yako mambo ya kuwafanyia. Muulize kuhusu kitabu anachosoma badala ya kumuuliza kuhusu Afrika. Mwambie mwanao amshike mkono waende uwanjani. Usimlazimishe kupanda jukwaani kuimba. Kanisa moja la jirani zetu hupata orodha ya siku za kuzaliwa za watoto wa kila familia linayoisaidia, na kila mtoto hupata barua yenye jina lake, si jina la baba yake. Gharama yake ni stempu tu.

Mke ana sehemu gani katika haya yote?

Kubwa kuliko inavyoonekana. Lakini naomba mtazame nyuma kidogo, kwa Dorothy, mke wa William Carey. Mumewe alipotaka kwenda India, Dorothy alikataa. Alikuwa na watoto wadogo na mimba. Alikubali dakika za mwisho baada ya kujifungua, kwa sharti kwamba dada yake aende naye. Mwaka 1794, huko Bengal, mwanao Peter alikufa kwa kuhara damu akiwa na miaka mitano. Dorothy akapatwa na ugonjwa wa akili ambao hakupona mpaka alipokufa mwaka 1807. Sifa za Carey tunazijua, na anazistahili. Sauti ya mkewe haikusikilizwa ilivyopaswa.

Kwa hiyo kamati yenu isimhoji baba peke yake. Mama mmoja au wawili wa kanisa wakae na mke wa mmisionari faragha, wamuulize kwa upendo: wewe mwenyewe umeitwa? Unaogopa nini? Ukiumwa huko utamwambia nani? Akisema bado hajawa tayari, hilo si aibu. Ni taarifa ambayo kanisa linaihitaji.

Kamati iwaulize nini kabla ya kuahidi?

Mafundisho yao ya imani, kwa maandishi. Kanisa linalowatuma na jina la mchungaji wake. Nani anasimamia hesabu zao. Wamewahi kufika nchi hiyo? Watajifunza lugha wapi na kwa muda gani kabla ya kuanza kuhubiri? Mimi husisitiza hili la lugha. Anayekwenda Mbeya au Kisumu na kutegemea mkalimani miaka kumi hajawafikia watu. Anayesema kwamba mwaka wa kwanza ni wa kujifunza tu, hata kama waliomtuma hawataona matokeo, huyo ameelewa.

Tena waulizeni: tayari kuna makanisa gani huko? Tanzania, Kenya na Kongo zina Wabaptisti wengi, wachungaji waliosoma, na vyama vyao. Mgeni anayezungumza kana kwamba anakwenda kwenye giza tupu hajafanya kazi yake ya nyumbani. Mwulizeni atakuwa chini ya nani, na atamwachia nani kazi.

Kuhusu vibali, wanaokwenda Tanzania kwa kazi ya dini huomba kibali cha ukaazi Daraja C, na Kenya ina daraja lake la kazi za dini na hisani, Daraja I. Kwa kawaida taasisi iliyosajiliwa nchini ndiyo inayowaombea. Asiye na taasisi ya kumpokea bado hajawa tayari kuondoka.

Sisi tunaoabudu kwa Kiswahili hatuna fedha. Tuwakaribishe tu?

Wakaribisheni. Tena mna kitu ambacho kanisa kubwa la mjini halina.

Makanisa mengi ya Kiswahili hapa Marekani, hasa ya ndugu zetu wa Kongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, na kwingineko, huabudu mchana kwenye jengo la kanisa la Kibaptisti baada ya Wamarekani kumaliza. Familia inayoelekea Afrika Mashariki ikiingia ibada hiyo, inapata kwa mara ya kwanza kukaa kwenye benchi kama wageni, kusikia mapambio wasiyoyajua, na kutafsiriwa. Wafundisheni watoto wao kuamkia wakubwa. Wapeni pilau, muwaonyeshe namna ya kunawishwa mikono kabla ya kula. Waambieni ukweli kuhusu misiba yetu, kwamba mtu hapeleki kadi ya pole na kurudi nyumbani, anakaa. Waambieni ni makosa gani wageni waliotangulia waliyafanya kijijini kwenu, na ni mema gani bado yanasimuliwa. Mama mmoja wa Kigoma aliyekaa na familia ya namna hiyo alasiri moja amewapa kitu ambacho hakimo kwenye mafunzo ya shirika.

Na kuhusu fedha: dola 20 kwa mwezi zilizotolewa kwa uaminifu zina nafasi yake. Makanisa mengi hutumia ahadi ya imani, yaani muumini anaandika kwenye karatasi kiasi atakachotoa kwa umisheni kwa mwaka, juu ya zaka yake, na kanisa linapanga kwa kufuata jumla hiyo. Jambo la kuepuka ni kuahidi kwa msisimko wa kongamano na kukoma baada ya miezi minne. Familia imekwisha kukodi nyumba ikitegemea neno lenu.

Je, Mwafrika naye anaweza kufanya ziara kama hii na kutumwa?

Anaweza, na historia yenyewe inaanza na watu weusi. George Liele, aliyezaliwa utumwani Virginia na kuachwa huru, alikwenda Jamaika mwanzoni mwa miaka ya 1780, karibu miaka kumi kabla ya Carey kusafiri. Hakuna bodi iliyomtuma. Alisafiri kwa deni na kulilipa kwa kufanya kazi, kisha akaanzisha kanisa Kingston. Lott Carey wa Richmond, Virginia, alijinunulia uhuru mwaka 1813, akashiriki kuunda chama cha umisheni cha Wabaptisti weusi mwaka 1815, na mwaka 1821 akasafiri kuja Afrika Magharibi. Alihudumu Liberia mpaka kifo chake mwaka 1828. Makanisa ya watu ambao wengi wao walikuwa bado watumwa yalichanga ili aende. Fikirini hilo mkisikia mtu akisema makanisa yetu ni maskini mno kutuma.

Vikwazo vipo: viza, pasipoti zenye kukataliwa, shilingi isiyofika mbali. Lakini kijana wa Dar es Salaam anayekwenda Msumbiji au Komoro hahitaji dola 6,000. Anahitaji makanisa kumi yanayomjua, na mtu wa kumpeleka kwenye makanisa hayo.

Wasipofikia kiwango, inakuwaje?

Wengine hupunguza bajeti, wengine huondoka ahadi zikiwa bado zimepungua kidogo, wakiamini pengo litajazwa, ingawa mashirika mengi hayaruhusu. Wengine huacha. Kuacha huko huuma sana, na kanisa linalowatuma linapaswa kuwapokea bila kuwahukumu. Fedha zilizokusanywa huamuliwa kwa kanuni za shirika, kwa hiyo ulizeni kanuni hizo mapema.

Wakishaondoka, kazi yetu imekwisha?

Ndiyo kwanza imeanza. Wataandika barua za maombi kila baada ya mwezi au miezi miwili. Zisomwe kanisani, zisibandikwe tu ukutani. Wajibuni, hata mistari mitatu. Baada ya miaka mitatu au minne kwa kawaida hurudi kwa likizo na kuyazunguka makanisa yaleyale kutoa taarifa. Hapo wapangieni jioni nzima. Dakika kumi kabla ya matangazo hazitoshi kwa mtu aliyezika rafiki zake na kubatiza watoto wao.

Tunataka kuwaalika. Tuanzie wapi?

Mchungaji aandike au apige simu kwa familia yenyewe, ataje tarehe, muda wa kuzungumza, mahali pa kulala, na kama kuna projekta. Ulizeni idadi ya watoto na umri wao, na kama kuna asiyeweza kula karanga. Watumieni fedha za mafuta kabla hawajaanza safari, maana wakati mwingine sadaka ya kanisa lililopita imeishia kwenye tairi. Jumapili ile mtu mmoja awangojee mlangoni, asaidie kubeba meza, na awaonyeshe choo kilipo kabla ya jambo jingine lolote. Uamuzi wa kuwasaidia au la uwafikie ndani ya mwezi mmoja.